Namba Iliyobebwa na Watu Elfu Nne

Mzee Anyosisye na binti yake mkubwa, Lugano, walizikwa asubuhi moja, na hata kabla wachimba kaburi hawajakung'uta majembe yao, kila aliyesimama pale alikwisha kuelewa kwamba pamoja nao zimezikwa tarakimu elfu moja ambazo hakuna mtu mwingine duniani aliyezijua.

Tupokigwe, binti aliyebaki, alisimama kati ya makaburi mawili, blanketi mabegani juu ya sweta. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya uwandani, na alikuwa Mbebaji kama baba yake. Aliwasikia watu wakinong'ona nyuma yake. Hawakuwa wakiwalilia marehemu tu. Walikuwa wakitazama juu, kwenye mwanga mweupe uliopenya mawingu ya majivu, kama watu wanaotazama paa lililoanza kulia.

Mwanga ule ulitoka kwenye Kioo. Kilielea juu kabisa ya anga, kipana kuliko wilaya nzima, na kazi yake ilikuwa kulikusanya jua na kulimwaga juu ya Uwanda wa Kitulo. Tangu volkano zilipoijaza hewa majivu, jua peke yake halikuweza kukomaza hata kiazi. Lakini Kioo hakikumtii kila mtu. Mara moja kwa mwaka, siku iliyoitwa Kisomo, kiliuliza namba yake, namba moja yenye tarakimu zaidi ya milioni nne, na kisipojibiwa sawasawa kilijikunja na kulala jumla.

Zamani watu watatu waliijua namba yote. Walipogombana na mji wa Chilola, kule ziwani, waliukaza mwanga wa Kioo mpaka ukawa mwembamba kama mkuki, wakaupitisha juu ya mji huo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Watu wa uwanda waliwapindua watatu hao. Wakaigawa namba mafungu elfu nne na ushei, kila fungu wakalipanda kichwani mwa mtu mmoja, kisha wakachoma karatasi zote na kufuta mashine zote. Kuandika hata tarakimu moja ya Kioo likawa kosa la kufukuzwa. Kila Mbebaji alikuwa na Mrithi mmoja aliyelijua fungu lilelile, na wawili hao hawakuruhusiwa kulala chini ya paa moja wala kupanda gari moja, ili balaa moja lisiwazoe wote.

Lugano alikuwa Mrithi wa baba yake. Aliposhikwa na homa ya mapafu, mzee alitakiwa akae mbali. Hakukaa. Aliingia nyumbani kwa mwanawe na chupa ya chai, akafunga mlango, akamuuguza mpaka homa ikamshika na yeye.

Watu walipoanza kutawanyika, Mama Sekela alimsogelea Tupokigwe. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa Wabebaji wote, mwanamke mrefu aliyeongea polepole.

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama."

"Nitakuuliza jambo, na unisamehe kwamba nakuuliza hapa. Baba yako hakukufundisha hata mstari mmoja wa fungu lake?"

"Hapana, mama. Mbebaji hasikii fungu la mwenzake. Unamjua baba alivyokuwa."

"Namjua. Alivunja sheria moja kwa ajili ya mtoto. Nilitumaini alivunja mbili."

Mama Sekela alikiangalia kile kilima kidogo cha udongo mbichi.

"Kisomo kinakaribia," alisema. "Tukifika kwenye fungu lake, tutanyamaza, na Kioo hakisikilizi mara ya pili. Anza kuwaambia wazazi wa wanafunzi wako watafute ndugu zao wa bondeni. Huko nako kuna njaa, lakini angalau hakuna jalidi ya kugandisha mazao."

*

Wiki iliyofuata Tupokigwe alirudi darasani kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno. Aliwapa watoto zoezi jepesi, la kuanza na mbili na kuendelea kuzidisha kwa mbili. Watoto waliimba majibu na yeye akaandika ubaoni. Mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Hizi hazikuwa tarakimu za Kioo, hizi ziliruhusiwa.

"Mwalimu," mtoto mmoja alisema, "za mwisho zinarudi. Mbili, nne, nane, sita, halafu mbili tena."

"Zinarudi daima," alisema Tupokigwe. "Endeleeni."

Waliendelea mpaka wakafika laki moja, thelathini na moja elfu na sabini na mbili. Aliiandika. Tarakimu tatu za mwisho zilikuwa sifuri, saba, mbili. Mkono wake ulibaki umeshika chaki ubaoni.

Yeye alikuwa amebeba fungu la mwisho kabisa, mkia wa namba nzima. Lilimalizikia kwa sifuri, saba, moja. Ukiliongeza moja tu, lilimalizikia kama namba ile iliyokuwa mbele ya macho yake.

Aliwaruhusu watoto mapema, akaenda kwenye shamba la baba yake, akaketi juu ya tuta la viazi. Huenda ilikuwa sadfa. Akaamua kuipima.

Kichwa cha Mbebaji kimefundishwa tangu utoto kupanga tarakimu kama vyombo ndani ya nyumba, na kuvihamisha bila kuvunja hata kimoja. Tupokigwe alilichukua fungu lake, akaliongeza moja, akaligawa kwa mbili. Hakikubaki kitu. Akaligawa tena. Hakikubaki kitu. Namba ya kawaida ukiifanyia hivyo hugoma mapema; mara tatu, labda mara tano, halafu inabaki moja mkononi. Hii haikugoma. Mwanga wa Kioo ulihama kutoka tuta moja hadi jingine na yeye bado alikuwa akigawa, na kila alipofika mwisho alikuta namba imekatika nusu kwa nusu, safi, kana kwamba ilikuwa ikimngojea.

Jambo kama hilo haliwezi kutokea kwa bahati. Maelezo yalikuwa ya namna moja tu: ile namba ya kutisha, iliyobebwa na vizazi vitatu, ilikuwa ni mbili iliyozidishwa kwa mbili, tena na tena na tena, halafu ikapunguzwa moja. Basi.

Lakini ilizidishwa mara ngapi? Jibu la swali hilo ndilo lililomfanya akose usingizi siku zilizofuata, kwa sababu aligundua kwamba nalo alikuwa nalo. Tarakimu ya mwisho hurudi kila baada ya hatua nne, kama watoto walivyoona. Tarakimu mbili za mwisho hurudi kila baada ya hatua ishirini, tatu kila baada ya mia moja, nne kila baada ya mia tano. Kila tarakimu unayoiongeza upande wa kushoto hukwambia zaidi kuhusu idadi ya hatua, na kila mara chaguo ni moja kati ya matano. Alilifanya hilo akimenya viazi, akifua, akiwasalimia watu waliokuja kutoa pole. Idadi ya hatua ikakua: mamia, maelfu, malaki, mamilioni. Alipofika tarakimu ya kumi na moja kutoka mwisho, ikatulia. Tarakimu ya kumi na mbili haikuongeza chochote. Ya kumi na tatu pia. Akajaribu ya ishirini, ya hamsini, ya mia moja, na zote zilikubali idadi ileile, bila ubishi, kama mashahidi ambao hawakuwahi kukutana na bado wanasema kitu kimoja.

Idadi hiyo ilikuwa na tarakimu nane tu. Ungeweza kuziandika kwenye kiganja cha mtoto.

Mbebaji wa kwanza alikuwa na fungu lake, baba alikuwa na lake, na wote waliamini kwamba kila mmoja ameshika kipande tu. Kumbe mkia ulikuwa umebeba mnyama mzima. Wabebaji walirithishana kwamba namba ya Kioo ni tasa, yaani hakuna namba inayoingia ndani yake bila kuacha mabaki isipokuwa moja na yenyewe. Tupokigwe alikuwa amelifundisha neno hilo miaka mingi akiliona neno la huzuni, neno linalotumika kwa mwanamke anayesemwa vibaya na mawifi. Sasa aliiona namba hiyo ilivyosimama peke yake katika giza la namba nyingine zote, hakuna aliyeivunja, hakuna atakayeivunja, nayo imezaliwa na mbili, kitu kidogo ambacho kila mtoto anakijua kwa vidole vyake. Alilia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuwa analilia marehemu.

Kisha akakumbuka Chilola. Alikuwa mtu wa kwanza, tangu wale watatu, kuijua namba yote.

*

Mnara wa mawasiliano ulikuwa juu ya kilima cha mashariki. Mama Sekela alikuwa peke yake, akifuta vumbi kwenye mashine ya zamani iliyogeuza tarakimu za Wabebaji kuwa lugha ya Kioo.

"Mama," Tupokigwe alisema baada ya salamu, "mashine ikiongea na Kioo, ile taa ya kijani hufanyaje?"

"Siku za kawaida, tukiuliza hali ya anga, inapepesa. Kuwaka ni ndiyo, kuzimika ni hapana. Taa haijui maneno mengine."

"Na siku ya Kisomo, namba ikienda juu?"

Mama Sekela alifikiri. "Siku hiyo inawaka tu. Inawaka muda mrefu sana, haipepesi hata kidogo, halafu inazimika. Marehemu fundi wetu alisema imechoka. Tumeibadilisha mara mbili."

Tupokigwe alifunika mdomo kwa mkono. Alikuwa na uhakika tayari, na sasa taa nayo ilikuwa shahidi.

"Haijachoka," alisema. "Mbili ukiizidisha kwa mbili mara nyingi kiasi chochote, halafu ukapunguza moja, katika lugha ya mashine haina hapana hata moja. Ni ndiyo tupu. Ndiyo baada ya ndiyo, mamilioni. Namba yetu ndivyo ilivyo, mama. Tarakimu zote hizi tunazobeba, ukizigeuza, ni neno moja."

Kitambaa cha vumbi kilimponyoka Mama Sekela. Aliketi kwenye stuli na kuikodolea macho taa ile ndogo kana kwamba mtu amefufuka ndani yake.

"Basi miaka yote hii," alisema taratibu, "tulikuwa tunaliambia anga ndiyo." Halafu akageuka. "Ndiyo ngapi?"

Tupokigwe alifungua kinywa.

"Hapana. Nyamaza. Usinitajie." Mama Sekela alikuwa amesimama na mikono yake masikioni. Ilichukua muda kabla hajaishusha. "Bibi yangu alitoka Chilola. Nimewahi kuota nina namba yote, zaidi ya mara moja, na katika ndoto zile sikuwa mtu mwema."

"Nilitaka kuja hapa peke yangu," Tupokigwe alisema. "Kukifungua Kioo na kuondoka. Mngesema ni muujiza."

"Na mwaka ujao?"

"Ningekuja tena."

"Na siku mtu akikuteka? Na siku ukikasirika?"

"Nilishakasirika, mama. Pale makaburini, nilipowasikia wakimlaumu baba yangu kwa kumuuguza mwanawe. Kama ningeijua namba siku ile, sijui ningefanya nini. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Upepo ulipiga mabati ya mnara. Hatimaye Mama Sekela alisema kuna amri moja ambayo waliowapindua wale watatu waliijua na hawakuitoa: kulifunga jicho la Kioo. Kioo kitabaki wazi milele, hakitauliza namba tena, lakini hakitaukaza mwanga tena wala kuuelekeza. Hawakuitoa kwa sababu kila majira ya baridi jalidi hushuka kwenye mteremko wa mashariki, na pasipo kuusogeza mwanga upande huo, mashamba yote ya kule hufa.

"Watu wa mashariki watahama," alisema Mama Sekela. "Jamaa zangu wako huko."

"Nikiitoa amri hiyo peke yangu," alisema Tupokigwe, "nitakuwa nimewaamulia watu wote, ili mtu mmoja asiweze kuwaamulia watu wote."

"Ndiyo."

"Basi niitie Wabebaji."

*

Walikusanyika katika bonde la pareto, maelfu ya watu wenye makoti na vitenge vizito, na Wabebaji na Warithi wao wamekaa mbalimbali kama sheria ilivyotaka. Tupokigwe alisimama juu ya trela la trekta. Aliwaeleza kila kitu isipokuwa zile tarakimu nane.

"Mfungeni," mtu alisema katikati ya umati, bila kupaza sauti. "Mtu anayejua hivyo asiachwe atembee."

Wengine waliitikia. Vijana wawili walianza kusogea kuelekea kwenye trela, na Mama Sekela akasimama mbele yao. Ndipo Mzee Gwakisa aliponyanyuka. Alikuwa Mbebaji mkongwe kuliko wote, mkulima wa mteremko wa mashariki, na mke wake alikuwa ndiye Mrithi wake.

"Mwalimu," alisema, "ujana wangu wote nimelala nyumba nyingine na mke wangu. Watoto wetu niliwazaa kama mwizi, mchana, na kurudi kwangu kabla ya giza. Kwa ajili ya tarakimu elfu moja. Leo unaniambia hazikuwa na kazi?"

Tupokigwe aliteremka kwenye trela, akaenda mpaka mbele yake, akapiga goti kidogo kama anavyosalimiwa mzee.

"Zilikuwa na kazi, baba. Jibu lilikuwepo tangu mwanzo, lakini hakuna aliyelitafuta, kwa sababu ninyi mliifanya namba kuwa mzigo wa watu elfu nne, na mzigo wa watu elfu nne hakuna mwenye haraka ya kuuinua peke yake. Tangu mlipoanza kuubeba, hakuna mji ulioungua. Hiyo ndiyo kazi mliyoifanya. Mimi siwezi kuiendeleza kwa niaba yenu. Sina nguvu hiyo. Nifungeni mkitaka, ila mkinifunga namba itakuwa imefungwa na mimi, na mtu atakayeshika ufunguo wa mlango wangu atakuwa ameishika."

Mzee Gwakisa aligeuza uso kuelekea mashariki.

"Tukilifunga jicho, shamba langu limekwisha."

"Ndiyo, baba."

"Shamba la babu yangu."

"Ndiyo."

Walibishana mpaka alasiri, na kuna waliotukanana, na kuna waliolia. Watu wa magharibi waliapa kuwagawia ardhi wa mashariki, na wa mashariki hawakuwaamini, na ikabidi mipaka ya mashamba itajwe, shamba moja baada ya jingine, hadharani. Mwishowe Mama Sekela aliomba wanaokubali wanyanyue mikono. Mkono wa Mzee Gwakisa ulichelewa. Ulipopanda, wa mke wake, upande wa pili wa bonde, ulikuwa umeshapanda.

*

Tupokigwe alikataa kuituma namba mwenyewe. Aliifundisha mashine kuzigawa ndiyo zote kati ya Wabebaji, akafunga swichi moja ya mkono kando ya ile taa. Walikuja kwa foleni iliyoshuka kilima na kupotea ukunguni. Kila mmoja alishika swichi kwa muda mfupi, na alipoishika, fungu lake la ndiyo likapanda angani. Aliyefuata aliweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake kabla hajautoa, ili neno lisikatike. Hakuna aliyeelekezwa kufanya hivyo. Aliyeanza alifanya, na wengine wakafanya.

Taa ya kijani haikupepesa. Siku ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, watu wakilala kwenye majani na kupitishiana uji, na taa bado ilikuwa inawaka, na Tupokigwe alihisi kwamba anaona umbo la ile namba kwa macho yake, jinsi ilivyokuwa ndefu na jinsi ilivyokuwa nyepesi. Zamu ya baba yake ilipofika, jirani aliyembebea maji wakati wa ugonjwa alishika swichi bila kuambiwa.

Tupokigwe alikuwa wa mwisho. Mama Sekela na Mzee Gwakisa walisimama pande zake zote mbili. Alishika swichi, akahisi joto la mkono uliotangulia, akasubiri. Taa ikazimika. Kwenye uso wa mashine yakatokea maneno mawili: *Nimekufungulia. Agiza.*

Dunia nzima ilikuwa pale, chini ya vidole vyake. Alijua kwamba mtu mwingine hataipata tena nafasi ile, na kwa kitambo kifupi alitamani kuuona mwanga ule ukikaza, mara moja tu, juu ya jiwe lisilo na kitu, ili ajue ulivyokuwa. Tupokigwe aliandika amri ya kulifunga jicho, akaisoma kwa sauti ili wote wawili waisikie, na Mzee Gwakisa akabonyeza.

Nje, mwanga ulianza kupanuka. Ulienea polepole juu ya pareto na ngano, ukafika kwenye maeneo ambayo watu hawakuwahi kuyaona yameangazwa, ukateremka makorongo na kuendelea, mwembamba zaidi, ukiwashukia hata watu wa bondeni ambao hawakuwa na Mbebaji hata mmoja. Upande wa mashariki kivuli cha ubaridi kilikuwa tayari kimelala juu ya mashamba. Watu walitoka wakasimama, wakatazama pande zote mbili.

Mzee Gwakisa alishuka kilima akiegemea fimbo. Alipofika alipokuwa mke wake, aliketi kando yake juu ya majani, bega kwa bega, mbele ya watu. Halafu mzee alivua kofia, akafumba macho, akaanza kulisema fungu lake kwa sauti, waziwazi, tarakimu moja baada ya nyingine, bila haraka, na mke wake akalisema pamoja naye. Hakuna aliyewanyamazisha. Walisikilizwa tangu mwanzo hadi mwisho, tarakimu elfu moja, na walipomaliza, kutoka mbali, karibu na ukingo wa bonde, mwanamke ambaye wengi hawakumjua alisimama na kuendelea pale walipoishia.